Msiseme Hamkujua

Sitaki tena kukaa kwenye matanga nimsikie mtu akisema "hatukujua."

Mlijua. Huku kwetu Kisauni hata mtoto wa darasa la tatu anamjua teja: anajikuna na hana upele, mboni za macho zimebana kama ncha ya sindano, anasinzia amesimama, magoti yamekunjika nusu na haanguki. Shati la mikono mirefu kwenye joto la Februari. Mama alijua siku sufuria ya pilau ilipopotea. Alichofanya, na sote tulimuunga mkono, ni kununua kufuli la jikoni.

Dalili tulizojifunza ni za kumjua mwizi, basi. Arosto ilipomshika kaka yangu, kamasi na machozi vikimtoka, miayo haikatiki, vinyweleo vimesimama, tumbo linamkata, tulisema "malaria" mbele ya wageni. Wageni wakiondoka, tukasema "laana." Hakuna aliyemwuliza: kaka, umetumia lini mara ya mwisho? Swali dogo hivyo lilitushinda.

Halafu akakaa ndani miezi mitano. Alitoka amenenepa, akaswali nasi, tukamchinjia jogoo. Tukadhani amepona. Kumbe mwili uliokaa bila unga husahau kuuhimili, na kipimo cha zamani huua. Usiku wa tatu alikoroma. Mkoromo mzito, kama wa maji, kisha kimya kirefu, kisha tena. Baba akasema mwacheni apumzike. Nilimmulika kwa tochi ya simu, nikaona midomo imegeuka rangi, nikadhani ni mwanga.

Ule haukuwa usingizi, ilikuwa pumzi inakatika. Mtu wa hivyo unamtikisa, unamwita jina. Asipoamka unaita msaada na unampulizia pumzi mdomoni. Akipumua unamlaza ubavu. Kuna dawa, naloksoni, inayoweza kumrudisha. Malindi wanatoa methadoni tangu 2015. Vyote hivyo vilikuwepo usiku ule! Lakini kwenye mawaidha na barazani unasikia nini? Ati "vijana wameharibika."

Na msinijie na ile ya kulinda heshima ya familia. Heshima gani, na mtaa mzima ulishajua? Tulikuwa tunafichana sisi kwa sisi, chini ya paa moja.

Kufuli bado liko pale jikoni. Mama hataki litolewe.