Maktaba ya Zana Isitiwe Kufuli



Tangu muhula huu ulipoanza, kuna shauri moja linalozungumzwa sana mabwenini, bwaloni na karakanani. Shauri lenyewe ni kwamba maktaba ya zana ya mashine yetu ya plasma itiwe neno la siri, na neno hilo alijue mwalimu peke yake. Sisi wanafunzi tubaki kubonyeza na kukata tu. Wenye shauri hilo si watu wabaya. Wanaona uchungu kwa mabamba ya chuma yanayoharibika. Lakini mimi nalipinga, nami ninayo sababu kubwa kuliko wengine, kwani ndimi niliyelifanya kosa lililoyazusha maneno haya yote.

Kwanza yafaa niwaeleze wazee wetu, maana wakisikia neno maktaba watadhani nazungumza habari za vitabu. Mashine hii ni meza kubwa ya chuma, na juu yake hupita kichwa kinachoendeshwa na mota. Hewa ya kompresa hupita katika kitundu chembamba cha ncha ya shaba, umeme huiwasha, na hewa hiyo hugeuka kuwa plasma, yaani moto wa maelfu mengi ya nyuzi. Chuma huyeyuka, na nguvu ya hewa hukipuliza kikaanguka chini ya meza. Si uchawi wala si jambo la juzi. Robert Gage wa Marekani alipewa hataza ya kazi hiyo mwaka 1957, na mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa tarakimu ilikwisha kuonyeshwa katika chuo cha MIT, huko huko Marekani, mwaka 1952.

Sisi huchora kitu katika kompyuta, na programu huugeuza mchoro kuwa safari ya kichwa cha mashine. Lakini mchoro haukijui chuma. Wajua tu kwamba hapa pana tundu la milimita 12 na pale pana ukingo ulionyoka. Mengine yote huandikwa katika zana. Zana hapa si nyundo wala patasi. Moto ni ule ule na kichwa ni kile kile, lakini kila aina ya chuma na kila unene huwa na karatasi yake ya hesabu ndani ya kompyuta, na karatasi hizo kwa pamoja ndizo tunazoziita maktaba ya zana.

Hesabu ya kwanza ni upana wa mkato. Moto hula chuma kama msumeno ulavyo ubao. Tuseme mkato una upana wa milimita 1.6. Programu husogeza njia ya moto nusu yake, yaani milimita 0.8, nje ya mstari ikiwa twataka kipande, na ndani ya mstari ikiwa twataka tundu. Ukiandika sufuri, tundu la milimita 12 litakuwa 13.6, na kipande cha mraba cha milimita 100 kitatoka 98.4. Hesabu ya pili ni mwendo. Ukienda polepole mno, chini ya kipande huganda mavi ya chuma mazito, ingawa hubanduka kwa nyundo. Ukienda mbio mno, huganda membamba na magumu yasiyotoka ila kwa jiwe la kusagia, na ukizidi hapo chuma hakikatiki kabisa. Hesabu ya tatu ni kimo na kungoja. Kichwa hutoboa kikiwa juu, kwetu karibu milimita 4, ili chuma kinachoruka kisiirukie ncha na kuiharibu. Kisha hushuka hadi milimita 1.5 na kukata. Kati ya kutoboa na kuanza safari hungoja kidogo, na kwa bamba la milimita 6 sisi hungoja nusu sekunde. Kikiondoka kabla chuma hakijatoboka, moto huchimba mfereji tu na kutapika cheche juu.

Sasa nitaungama kosa langu. Muhula uliopita shule yetu iliahidi kukata vibao 60 vya kukazia miguu ya madawati ya shule ya msingi iliyo jirani nasi. Jioni moja nilikuwa nikikata kipande cha milimita 6 kwa kazi yangu ya mradi. Sikutaka taabu ya kuandika zana mpya. Nikafungua zana iitwayo "Chuma 3", nikabadili mwendo, kungoja na upana wa mkato, nikahifadhi kwa jina lile lile, nikakata kipande changu, nikaenda kula. Sikumwambia mtu.

Asubuhi yake ndugu yetu mmoja wa Kidato cha Pili alipewa bamba zima la milimita 3, lenye uzito wa kilo 70 hivi, ambalo wavulana wanne walilibeba kutoka ghalani. Akachagua "Chuma 3" kama alivyofundishwa, akawasha. Mashine ikatembea kwa mwendo wa chuma kinene juu ya chuma chembamba. Vibao vikajipinda kwa joto, kingo zikayeyuka, mavi ya chuma yakaganda chini kama uji uliopoa, na matundu yakapanuka hata bolti zikacheza ndani yake. Aliposimamisha mashine, nusu ya bamba ilikwisha haribika. Akaambiwa kuwa ni mzembe, na kwa siku tatu alifagia karakana peke yake.

Mimi nilijua tangu dakika ile nilipoviona vile vibao. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa mwalimu nikasema kweli, na ufagio ukahamia mkononi mwangu kwa haki. Lakini watoto wa shule ya msingi walikaa sakafuni wiki mbili zaidi wakingoja bamba jingine, na siku mbili za kunyamaza kwangu hazirudi.

Sasa twambiwa dawa ni kufuli. Nasema si dawa, kwa sababu tatu.

Kwanza, hesabu za zana hazikai mahali pamoja. Ncha ya shaba huchakaa, na tundu lake likipanuka mkato nao hupanuka. Hewa yenye unyevu wakati wa masika huchakaza ncha upesi na kuharibu mkato. Kitabu cha mtengenezaji hutupa mahali pa kuanzia tu. Mengine sharti yapimwe hapa hapa, kwa chuma chetu na kompresa yetu. Ikiwa mwalimu peke yake ndiye awezaye kusahihisha, karakana nzima itamngoja mtu mmoja. Na asiyeweza kungoja atakata hivyo hivyo kwa hesabu anayojua kuwa ni mbovu.

Pili, sisi tumekuja kujifunza ufundi. Kubonyeza kitufe hata mtoto wa darasa la kwanza aweza. Ajuaye kwa nini mwendo ni huu na si ule ndiye fundi. Mwakani wengi wetu tutakuwa katika karakana za watu, ambako hakuna mwalimu wa kutushikia neno la siri. Mtu aliyefungiwa kufuli miaka minne ataanza kuharibu mabamba huko, tena mabamba ya mwenye mali.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kufuli lisingalizuia kosa langu lenyewe. Kubadili hesabu si dhambi. Kosa ni kwamba nilibadili bila kuandika na bila kusema, nikaacha jina la zamani juu ya kitu kipya. Yule mdogo wetu aliliamini jina, naye alifanya vema kuliamini. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu ilipotea nusu ya bamba, na habari yake nilikuwa nayo mimi moyoni.

Kwa hiyo natoa shauri langu. Pawe na daftari moja kubwa juu ya meza ya kompyuta. Zana iliyomo katika maktaba isibadilishwe kamwe. Atakaye hesabu nyingine ainakili, aipe jina jipya. Jina liseme yote: aina ya chuma, unene, amperi na tarehe, kwa mfano "Chuma cha kawaida, 3 mm, amperi 45". Kabla zana mpya haijakubaliwa, aliyeitengeneza akate mraba wa milimita 100 katika chakavu, akiwa ameandika upana wa mkato kuwa sufuri, kisha aupime kwa kalipa. Ukitoka 98.4, amekwisha kuujua upana wake: ni 1.6, wala hana haja ya kubahatisha. Kipande hicho kitundikwe ukutani kikiwa na jina la zana, na daftari litiwe sahihi mbili, ya mpimaji na ya mwenzake aliyepima tena. Ncha ikibadilishwa, iandikwe. Na kila Ijumaa mwalimu achukue nakala ya maktaba nzima, aiweke kabatini kwake. Nakala hiyo na ifungiwe hata kwa kufuli mbili, sitalalamika.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi mvivu hataandika daftari. Ni kweli, nami nilikuwa mvivu huyo. Lakini daftari lingalikuwapo, yule wa Kidato cha Pili angalilitazama kwanza, angaliona hakuna sahihi, angaliuliza. Mtu mmoja kuuliza kungaliokoa bamba, madawati na jina lake.

Kwake yeye nimekwisha omba radhi faraghani. Hapa namwomba tena mbele ya shule na wazazi, kwani lawama aliipata hadharani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne