Dramu za mtumba: kagua kabla ya kulipa

Mtoto anayepiga sufuria kila jioni ipo siku ataomba dramu, na seti mpya ni ghali. Ya mtumba inafaa, ila mzazi asidanganyike na rangi. Ngozi iliyochakaa si tatizo. Ni plastiki tu, inabadilishwa. Tatizo ni ngoma iliyopinda. Muuzaji afungue ngozi na ringi, ngoma iwekwe kifudifudi juu ya meza iliyonyooka. Mwanga ukipita chini ya ukingo, iachwe, kwani haitatoa sauti nzuri hata ikazwe vipi. Toazi lenye ufa nalo ni hasara, ufa huendelea.

Nyumbani, skrubu zipakwe mafuta kidogo, zikazwe kwa vidole, kisha kwa ufunguo wake, nusu mzunguko kila moja: ya huku, halafu inayoitazama ng'ambo. Wengi hukaza kwa kufuata duara, ngozi ikavutika upande mmoja, lawama akapewa muuzaji.

Taulo juu ya ngoma hupunguzia majirani kero. Masikio ya mtoto ndiyo hayana fundi: dramu hupita desibeli 100, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Bajeti ikibana, toazi moja lisubiri, vifunika masikio vinunuliwe siku hiyo hiyo.