Kasuku Aliyebakiwa na Wenzake Kumi na Watatu



Katika kisiwa cha Puerto Rico, bahari ya Karibi, yuko kasuku wa kijani mwenye paji jekundu, ambaye wenyeji wa kale, Wataino, walimwita iguaca. Hapo zamani alienea kisiwa kizima. Misitu ikafyekwa, makinda wakachukuliwa viotani wakafugwe majumbani, na ilipofika mwaka 1975 porini walibaki 13 tu.

Wako wanaouliza: kasuku ni nini mbele ya mkulima mwenye njaa? Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Lakini misitu ile haikumalizwa na maskini peke yake. Miwa na kahawa ya biashara nazo zilidai ardhi. Msitu ukiondoka, ndege na mkulima hupoteza pamoja.

Tangu mwaka 1973 kasuku hao wamezalishwa vizimbani. Kimbunga Hugo cha 1989 kiliua karibu nusu ya waliokuwa porini. Ndipo likaanzishwa kundi la pili, huko Río Abajo. Mwaka 2017 kimbunga Maria kilipofuta karibu kundi zima la porini la El Yunque, lile la Río Abajo lilijeruhiwa, lakini halikuangamia.

Sisi twaona hapa fundisho la haki: kuharibu ni kazi ya siku chache, kurudisha ni kazi ya vizazi. Kizimba ni dawa, si makao. Deni letu halitalipwa mpaka miti mikubwa yenye mashimo ya viota isimame tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.