UZA MAJOGOO, JENGA BANDA

Ndugu wanakijiji,

Pita kihamba kwa kihamba hapa kwetu Mwika uhesabu. Utakuta mitetea sita, majogoo manne, na banda hakuna! Usiku kuku wanalala jikoni au juu ya mibuni, na kukicha kicheche keshachukua wake.

Jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Tena mtetea hutaga hata bila jogoo, ila mayai hayo hayatoi vifaranga. Majogoo wa ziada kazi yao ni kupigana, kuwachubua mitetea migongo na kumaliza pumba. Wapelekeni sokoni, mbakize mmoja. Naye mbadilishane na mtu wa kitongoji kingine, kuku wasizaliane ndugu kwa ndugu.

Lakini hapo ndipo penye neno. Kuku analishwa na mama, jogoo akiuzwa fedha inaishia kwenye mbege. Akina baba wenzangu tusikasirike, ndivyo ilivyo. Fedha hiyo ikanunue mbao na misumari. Banda liinuliwe juu ya nguzo, lipitishe hewa, mvua isiingie, na vitagio viwemo. Mbolea yake itarudi kwenye migomba.

Itakayobaki iwe ya chanjo ya kideri: tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Chupa moja yatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani tuchange, tuchanje siku moja. Kideri hakiulizi kihamba ni cha nani.

Banda kwanza, sifa ya majogoo baadaye!

Mwanachama mwenzenu