Baridi Haizuii Mvuke: Kufundisha Sababu Pamoja na Katazo

Katika vyuo vyetu vya ualimu imekuwa desturi kumsomea mwanachuo orodha ya makatazo siku aingiapo maabara kwa mara ya kwanza. Makatazo hayo ni mema. Hata hivyo, maoni yetu ni kwamba katazo lisiloambatana na sababu yake halidumu. Hubaki ukutani, lisiingie kichwani. Mfano mmoja watosha kulidhihirisha jambo hili, nao ni jokofu.

Sisi tulio katika Nyanda za Juu Kusini tuna kishawishi chetu. Mbeya, asubuhi ya mwezi wa Julai, joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi; nako Mufindi, mkoani Iringa, baridi si haba. Aliyekulia huku huona baridi na moto kuwa maadui. Ni rahisi basi adhani kwamba chupa ya petroli au etha iliyowekwa katika jokofu imehifadhika kuliko iliyo kabatini. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Yafaa ikumbukwe kwamba kinachowaka si kimiminika chenyewe, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kila kimiminika kiwakacho kina kiwango cha joto ambacho, kikifikiwa, mvuke hutosha kushika moto. Kwa etha kiwango hicho ni nyuzi 45 chini ya sifuri. Petroli, nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Asetoni, nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Alkoholi halisi, nyuzi 13 juu ya sifuri. Jokofu la kawaida lina nyuzi 4 hivi. Ni dhahiri kwamba vile vitatu vya kwanza haviwi salama humo hata kidogo.

Alkoholi nayo isitudanganye. Umeme ukikatika kutwa nzima, jokofu hupata joto na mvuke hujikusanya ndani ya sanduku lililofungwa. Umeme urudipo, kidhibiti joto au swichi ya taa huweza kutoa cheche. Jokofu la mafuta ya taa ni baya zaidi, kwa kuwa lina mwali chini yake, na mvuke huo, ulio mzito kuliko hewa, huteremka kuufuata.

Huenda ikasemwa kwamba shule nyingi za msingi hazina jokofu wala etha. Ni kweli. Lakini zina spiriti ya jaribio la kutafuta wanga katika jani, na mwanachuo wa leo, awe Klerruu au Tukuyu, ndiye atakayeshika ufunguo wa kabati kesho. Spiriti ile ile iliyokataa kuwaka asubuhi ya baridi huwaka mara moja saa sita mchana. Asiyejua sababu atashangaa. Na mshangao wa namna hiyo humwunguza mtoto.

Tunapendekeza njia rahisi, isiyohitaji moto. Mwalimu afungue madirisha, ahakikishe hakuna mwali karibu, kisha adondoshe matone machache ya spiriti kwenye pamba mbele ya darasa. Kila mwanafunzi anyooshe mkono anapopata harufu. Mikono itanyooka safu baada ya safu, na darasa zima litaona safari ya kitu kisichoonekana. Ndipo mwalimu aulize: je, kama kungekuwa na jiko nyuma ya darasa?

Baada ya swali hilo makatazo yatajieleza yenyewe: spiriti iwe kidogo, katika chupa iliyofungwa na kuandikwa jina, ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya hewa, mbali na jua na moto, jani lichemshwe katika spiriti kwa maji ya moto baada ya mwali kuzimwa, na vimiminika viwakavyo visiwekwe kamwe katika jokofu la kawaida. Yapo majokofu ya maabara yaliyoundwa yasitoe cheche ndani. Lisilo na maandishi ya kuthibitisha hivyo lihesabiwe kuwa la chakula tu.

Hapana budi, ndugu wanachuo, tumfundishe mtoto kuuona mvuke kwa akili. Jicho halitamsaidia.