Tupande Maua kwa Akili



Shule yetu yasifiwa na wageni kwa bustani zake, nami ni mmoja wa wale wanaozitilia maji kila jioni. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba naandika kwa kuyachukia maua. Naandika kwa kuwa naona tunapanda kwa kutazama rangi tu, bila ya kuuliza mmea ni wa namna gani. Na nyumba za walimu wetu zina watoto wadogo ambao kila wanachokiokota hukitia kinywani. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maoni yangu ni kwamba mimea yenye sumu iondolewe karibu na milango na viwanja vya kuchezea, na kila mmoja wetu aijue kwa sura na kwa jina.

Tuanze na olienda. Huu hupendwa kwa sababu hustahimili jua kali na hutoa maua mengi mekundu au meupe. Lakini majani yake, maua yake na hata vijiti vyake vina sumu ivurugayo mapigo ya moyo. Mbuzi aweza kufa kwa kula majani machache tu, seuze mtoto wa miaka miwili.

Wa pili ni mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Mbegu zake zina madoadoa ya kupendeza, na watoto huzichezea kama kete. Mafuta yake yaliyotengenezwa vizuri ni dawa ya tumbo ya tangu zamani, lakini ndani ya mbegu mna sumu iitwayo risini. Mwaka 1978 mwandishi Georgi Markov wa Bulgaria aliuawa mjini London kwa kitu kidogo kama kichwa cha pini kilichopigwa pajani mwake, na wataalamu waliamini kwamba kilikuwa na risini. Mbegu ikimezwa nzima huenda ikapita bila madhara, lakini ikitafunwa, hatari ni kubwa. Mbono kaburi nao, ambao hupandwa kuwa ua, una mbegu zenye ladha kama karanga, na hiyo ndiyo sababu watoto huzila, kisha wakatapika na kuhara vibaya.

Katika vyungu vya sebuleni mna difenbakia, yenye majani mapana ya kijani na mabaka meupe. Akiutafuna mtoto, chembe zilizo kama sindano humchoma ulimi na koo hata vikavimba. Wenye paka nao wajihadhari na maua ya lili, kwani hata unga wa ua hilo ukiramba paka manyoya yake waweza kumwua kwa kuharibu figo.

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Babu zetu walizungukwa na minyaa, mbona hawakufa?" Swali hili ni la haki. Ua la minyaa halitaki fedha wala misumari, na mifugo hailigusi. Sisemi ling'olewe shambani. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kuharibu macho, nao babu zetu walilijua jambo hilo, wakawaonya watoto wao mapema. Sisi leo twanunua miche kando ya barabara, muuzaji hajui jina lake, wala mnunuzi haulizi. Mimea yenye sumu ilikuwapo tangu zamani. Kilichopungua ni maarifa.

Huenda mtu akasema kwamba tukiiondoa hiyo bustani zitabaki tupu. Si kweli. Waridi lina miiba lakini halina sumu. Asumini, haibiskasi, alizeti na mrehani zatosha kulipamba boma lolote. Na kwa dirishani tuna ua letu wenyewe, Saintpaulia, lenye rangi ya zambarau, ambalo asili yake ni milima ya Usambara na misitu ya jirani. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mnamo mwaka 1892, na leo lapandwa katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, wala halimdhuru mtoto wala paka. Kwangu mimi ni ajabu kwamba twaleta difenbakia kutoka mbali na hili hatulijui. Ila tusiende kulichimba msituni, maana huko linapungua; tulipate kwa wanaolizalisha.

Ikitokea bahati mbaya, wazazi wajue la kufanya. Mtoto aliyekula mmea asitapishwe kwa nguvu, wala muda usipotezwe kwa kutafuta maziwa. Atolewe mabaki kinywani, asukutuliwe, apelekwe hospitali mara moja, na jani au mbegu ya mmea ule ichukuliwe ili mganga aione. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha aende hospitali.

Naomba basi Chama cha Kilimo cha shule yetu kifanye mambo mawili muhula ujao. Kwanza, kiweke vibao vyenye jina la kila mmea, na neno SUMU kwa herufi nyekundu palipo na haja. Pili, olienda zilizo mbele ya nyumba za walimu ziondolewe na badala yake ipandwe haibiskasi. Matawi yatakayokatwa yasitupwe penye mbuzi, wala yasichomwe, kwani moshi wake nao ni mbaya, yazikwe shimoni. Kazi hiyo ni ya Jumamosi mbili tu, na majembe tunayo. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuchimba.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu