Sitaiposti Video ya Nguruwe, na Sababu ni Hii

Wasee, tangu niweke ile picha yangu nikiwa na upinde, inboksi imejaa swali moja tu: "Video iko wapi?" Video iko. Ni ya sekunde 11. Ni safi kuliko kitu chochote nimewahi kurekodi tangu nianze mambo haya ya kontenti. Lakini sitaiposti. Wengine mtaniita mwoga, sawa tu, lakini soma kwanza halafu uniite.

Mnajua niko Georgia kwa binamu yangu, hapo Marietta, mahali Wakenya wamejaa hadi ukitaka chapati hukosi mtu wa kukupikia. Sasa binamu anafanya kazi na jamaa mmoja ambaye babake ana shamba la karanga kule kusini, karibu na mto Altamaha. Ni mwendo wa karibu saa nne kwa gari. Huyo mzee anasumbuliwa na nguruwe mwitu vibaya sana. Siku moja binamu akaniambia, "Kaka, si wewe kila siku unalia huna kontenti? Mzee amesema uje na upinde."

Mbona upinde na si bunduki? Mimi hapa ni mgeni mwenye viza, na bunduki kwa watu kama sisi ina masharti yake. Upinde kwa sheria ya shirikisho hauhesabiwi kuwa bunduki. Halafu, tuseme ukweli, upinde unakaa poa kwa kamera.

Kabla hujanihurumia au kunilaani, elewa hawa nguruwe ni nani. Hawa si ngiri wetu wa mbuga. Ngiri yuko kwao. Hawa walikuja kwa meli. Mhispania Hernando de Soto alishuka Florida mwaka wa 1539 akiwa na nguruwe wa kulisha askari wake, na mwaka uliofuata akapita Georgia. Baadaye wakulima wakawaacha wao watembee msituni bila boma. Baadaye tena matajiri wakaleta nguruwe pori wa Ulaya ili wapate kitu cha kuwinda. Wote wakachanganyika. Leo wanakadiriwa kupita milioni 6 katika majimbo kama 35, na hasara wanayoleta inahesabiwa kwa zaidi ya dola bilioni moja kila mwaka. Jike anaweza kushika mimba hata kabla hajafikisha mwaka, na mimba yenyewe ni miezi minne kasoro. Piga hesabu mwenyewe.

Nilifika mwezi wa tano, karanga zikiwa zimepandwa tu. Mzee akanipeleka kuona shamba. Manze, nguruwe hachimbi ovyo. Anafuata mstari uliopandwa, mbegu moja baada ya nyingine, kutoka mwisho huu hadi ule, kama mtu ameajiriwa. Asubuhi unaamka unakuta mstari mzima umelimwa upya na karanga haziko. Hapo nikamkumbuka babu yangu kule Mwingi, vile alikuwa analala kwa ulingo msimu wa mahindi akifukuza wanyama kwa kelele na debe. Mkulima ni mkulima tu, awe Mwingi au Georgia.

Sasa sikurupuka. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitatu nyuma ya gareji ya binamu. Upinde wa siku hizi una vigurudumu kwenye ncha, na wangu ulikuwa unavutwa kwa nguvu ya kama kilo 25. Nikiwa mita 20 nilikuwa napiga kisahani cha chai mara tisa kwa kumi. Nilijiona niko tayari.

Mzee alinipa sheria mbili tu. Ya kwanza: usimpige nguruwe anayekutazama. Ngoja akupe ubavu, mguu wa mbele uende mbele, kwa sababu moyo wake uko chini kabisa, karibu na kiwiko. Dume naye begani ana gamba gumu chini ya ngozi ambalo linaweza kuzuia mshale. Ya pili: ukiwa na shaka, shusha upinde. Akacheka akasema, "Kijana, nguruwe hawaishi hapa. Huyu akienda, kesho atakuja mwingine."

Saa kumi jioni nikapanda ulingo, nimevaa zile nguo za madoadoa ambazo Kenya ukizivaa utaeleza polisi umezitoa wapi. Chini yangu ilikuwa kinamasi. Maji meusi kama chai ya rangi, miti ya saipresi imetoa mizizi inayosimama juu ya maji kama magoti ya watu, na kwenye matawi kuna mimea inaning'inia kama ndevu za mzee. Joto la kushika shingo. Mbu wanaimba. Mbele yangu, kama mita 18, mzee alikuwa amemwaga mahindi chini kuwavuta nguruwe. Mahindi mazima! Nikawaza bei ya unga nyumbani nikanyamaza tu.

Niliweka kamera mbili, moja kwa upinde na nyingine kwa shina la mti. Halafu nikangoja. Nguruwe haoni mbali, lakini pua yake ni noma, kwa hivyo ulingo ulikuwa umewekwa mahali upepo unanipiga usoni. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Jua likaanza kushuka na mimi nikaanza kuangalia mwangaza. Si nguruwe. Mwangaza. Nilijua dakika kumi zingine na kamera haitashika kitu.

Ndipo akatoka. Jike mmoja mweusi, mkubwa, akaja moja kwa moja kwa mahindi. Alikuwa ameelekea upande wangu, kwa mshazari. Hakunipa ubavu. Nilikumbuka maneno ya mzee neno kwa neno, sitawadanganya hapa. Nilijua huo haukuwa mshale wa kuachilia. Lakini taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, jua lilikuwa nyuma yake linamchora vizuri, na kichwani mwangu tayari nilikuwa nachagua muziki wa kuweka chini.

Nikavuta. Nikaachilia.

Mshale ulikuwa na taa ndogo ya kijani mkiani. Kwa video unauona ukienda kama kimulimuli, unaingia nyuma ya bega, nguruwe anaruka na kupotea msituni. Sekunde 11. Nilishuka nikitetemeka kwa furaha. Nikampigia mzee simu nikamwambia, "Nimempata!"

Mzee akaja na pikapu yake. Hakunipa mkono. Aliokota mshale, ambao ulikuwa umepita na kuangukia ng'ambo, akaumulika kwa tochi, akaunusa. Akanipa mimi pia niunuse. Wueh. Haikuwa harufu ya damu. Ilikuwa harufu ya tumbo. Kwa ile pembe aliyokuwa amesimama, mshale uliingia nyuma ya bega na kutokea kwenye matumbo, ukauacha moyo ukipiga.

Nikataka kukimbia kumfuata. Mzee akasema hapana. Mnyama aliyepigwa tumbo ukimfuata haraka anaamka na kuingia mbali zaidi kwenye maji, na hapo humpati kamwe. Kwa hivyo tukakaa nyuma ya pikapu, mimi, mzee na binamu, tukangoja saa nne. Nataka ufikirie hizo saa nne. Sisi tumekaa tunakunywa maji ya baridi. Yeye yuko mahali pale gizani anakufa polepole, na sababu ni kwamba mimi nilitaka mwangaza mzuri.

Usiku wa manane tukaingia na tochi za kichwani. Nguruwe ana mafuta mengi chini ya ngozi, na hayo mafuta huziba tundu, kwa hivyo damu haidondoki kama unavyoona kwa filamu. Tone moja hapa, kisha mita 20 hakuna kitu, kisha jani moja limepakwa. Maji yakafika magotini. Binamu akamuona nyoka, yule wa kinamasi ambaye akifungua mdomo ndani ni kweupe kama pamba, na tangu hapo hakuna aliyeongea. Saa tisa usiku tukapoteza alama kabisa kwenye maji.

Tulimpata saa moja asubuhi. Hakuwa mbali hata, labda mita 300 kutoka kwa ulingo, chini ya kichaka. Nzi walikuwa wamefika kabla yetu na tumbo lilikuwa limefura. Kwa joto lile nyama ilikuwa imeharibika yote. Na chuchu zake zilikuwa na maziwa.

Mzee alimwangalia muda mrefu. Huyu ni mtu anayewachukia nguruwe kuliko mtu yeyote nimewahi kukutana naye. Ana boma la chuma msituni lenye mlango anaoufunga kwa simu, na usiku mmoja linaweza kunasa kundi zima, mama na watoto, na asubuhi anawamaliza wote bila kusita. Lakini pale alinikasirikia kweli. Akasema, "Kwa mtego wangu huyu angekufa kwa sekunde moja." Basi. Hakuongeza neno, na ningependa angenitukana.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria maisha yangu yote: kumchukia mnyama si ruhusa ya kumtesa. Mzee anataka nguruwe wafe. Hataki wateseke. Mimi sikuwa namchukia huyo nguruwe hata kidogo, na ni mimi niliyemtesa.

Sasa turudi kwa video. Nimeitazama labda mara hamsini, na shida yake ni hii: inaonekana poa. Ukipunguza kasi, mshale unaingia mahali ambapo mtu asiyejua atasema ni penyewe kabisa. Hakuna harufu kwa video. Hakuna saa nne. Hakuna nzi. Ningeiposti mngeniwekea moto na makofi, na kila moto ungekuwa wa uongo. Tangu siku hiyo nikitazama video za wawindaji mtandaoni naangalia kitu kimoja tu. Mshale unatoka, halafu ghafla jamaa amepiga goti kando ya mnyama anatabasamu. Katikati pamekatwa. Sisemi wote wanaficha kitu. Kuna wanaopiga vizuri na mnyama anaanguka kwa sekunde chache. Nasema tu wewe mtazamaji huwezi kujua, na mimi nimekuwa upande ule mwingine wa kamera.

Najua kuna mtu atasema, "Buda, hao ni waharibifu, wauawe kwa njia yoyote." Wapunguzwe, nakubali, nimeona mistari ya karanga. Lakini usinidanganye kwamba mimi na upinde wangu tulienda kusaidia mkulima. Jimbo la Tennessee lilijaribu hiyo njia. Mwaka wa 1999 walifungua uwindaji wa nguruwe jimbo zima bila kikomo, na badala ya kupungua, nguruwe wakaenea zaidi, kwa sababu watu waliopenda kuwinda walianza kuwabeba kwa malori na kuwaachilia sehemu mpya. Mwaka wa 2011 wakabadilisha sheria. Missouri nayo ilipiga marufuku kuwawinda kwenye ardhi zake za uhifadhi mwaka wa 2016, kwa sababu wawindaji wanatawanya kundi kabla ya mtego kulinasa. Mchezo unataka nguruwe wawepo kesho pia. Mkulima hataki.

Na kwa nyinyi mnaoniandikia, "Ona Marekani wanavyofaidi, sisi tumefungiwa uwindaji tangu 1977." Huo mjadala ni halali. Mtu wa Taita au Kitui aliyeliwa shamba na wanyama ana haki ya kuuliza maswali magumu, hasa fidia ikichelewa. Lakini tafadhali msilete picha yangu kama ushahidi. Na kama ni upinde, hatukuhitaji kufunzwa na Marekani. Waata wa upande wa Tsavo walikuwa wanavuta pinde zenye nguvu ya zaidi ya kilo 45, wakimkaribia ndovu kwa hatua chache, na hiyo ilikuwa kazi na chakula chao. Miaka ya 1950 wengi wao walikamatwa na kufungwa kwa kuitwa majangili. Leo mimi nafanya kwa ajili ya likes kile ambacho wao walifungiwa jela, tena nafanya vibaya. Hiyo inanikera kuliko kitu kingine chochote kwa hii hadithi.

Sijaacha upinde. Bado napiga kila jioni nyuma ya gareji, na sasa nafanya zoezi moja ambalo sikuwa nalo zamani: navuta hadi mwisho, nahesabu hadi kumi, halafu narudisha polepole bila kuachilia. Ni ngumu kuliko kupiga. Mzee amesema nirudi mwezi wa kumi nimsaidie kuhamisha boma, na nikitaka kukaa ulingoni tena hana shida. Sharti ni moja, kamera ibaki Marietta.

Nimemwambia sawa. Kwa hivyo hiyo safari mtaisikia tu, hamtaiona. Na wewe uliyesoma hadi hapa, niambie bila kujipamba: ungekuwa na hizo sekunde 11 kwa simu yako, na hakuna mwingine anayejua kilichofuata, ungeiposti?